Baiskeli Tano Juu ya Gari Lisilokuwapo

Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025. Mvua ilinyesha tangu kabla ya adhana ya alfajiri hadi saa nne kasoro robo, kisha jua likatoka kali na ardhi ikafuka mvuke. Kufika alasiri mabati ya Bagamoyo yalikuwa yamekwisha kukauka, ila vichochoro vya Dunda vilikuwa bado tope.

Mwanajuma binti Shuaibu alikusanya pindo za kanga mkononi, akaruka madimbwi mawili matatu, akafika kwa kaka yake Kitwana saa kumi na dakika kumi. Alimkuta pale anapokutwa siku zote, kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda lake la gari, mikono juu ya tumbo, kama askari anayelinda benki. Jirani yake Khamis, fundi cherehani, alikuwa ameketi kando juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Hodi hapa."

"Karibu. Pita kulia, usikanyage."

"Shikamoo, kaka. Nisikanyage nini?"

"Marahaba. Usikanyage gari."

Mwanajuma alitazama sakafu. Palikuwa na saruji tupu na mstari mweupe wa rangi.

"Limezimwa, au linanguruma?" aliuliza. Khamis akacheka mpaka ndoo ikayumba.

Watu wengine hununua gari kisha wakafikiria pa kuliweka. Kitwana alianza na banda. Alilijenga mwaka 2021, alipostaafu, kwa tofali za saruji na mlango wa mbao wa mbawa mbili, halafu akachora sakafuni umbo la gari alilolichagua kwenye simu: urefu mita nne na nusu, upana mita moja na sentimita sabini. Gari halikuja. Mwaka wa kwanza alisema liko njiani, mwaka wa pili akasema bandarini pana foleni, na tangu wa tatu hakuna aliyemuuliza, kwa kumwonea haya. Mwenyewe hakuacha kufagia mle ndani ya mstari kila asubuhi, na alipotaka kuvuka upande wa pili alizunguka ukutani ubavu ubavu, kitumbo kimebanwa, mtu mzima wa miaka sitini na minne.

Hii haikuwa tabia mpya. Miaka ishirini na tisa alikuwa mtunza stoo wa serikali, na Mwanajuma alikumbuka vibarua wa barabara walivyokuwa wakimwiga vijiweni. Mtu akienda kuomba sepetu, Kitwana hufungua daftari, huilamba ncha ya kidole, hupekua, kisha hutamka, "Sepetu ipo, ila haitoki." Barabara zilichimbika, mitaro ikaziba, na sepetu za Kitwana zikabaki mpya, zimepangwa kwa namba. Alipoagwa walimpa cheti cha utunzaji bora. Alikitia kwenye fremu.

Basi mtu wa namna hiyo alipopata banda tupu, sakafu yake haramu kukanyagwa, aligundua kwamba juu pana nafasi. Kwenye kenchi za paa alifunga makapi manne ya mti, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba za tanga, aliyoyarithi kwa babu yao, nahodha, akapitisha kamba za makumbi ya nazi zilizosokotwa kwa mkono, akaanza kutundika baiskeli. Zilikuwa tano: mbili za wanawe waliokwisha kuhamia Tanga, moja ya Khamis, moja yake mwenyewe ambayo hakuwahi kuipanda hata siku moja, na ya tano ilikuwa ya marehemu Yahya, mume wa Mwanajuma. Zote zilining'inia miguu juu, magurudumu yamefungwa kwenye kamba, usukani ukitazama chini, kama popo.

Hiyo ya Yahya ndiyo iliyomtoa Mwanajuma nyumbani siku ile.

Yahya alifariki mwaka 2022. Mwanajuma alipokuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, haendi popote, Kitwana alikuja akaitoa baiskeli barazani. Alisema mvua itaiharibu. Alisema, mbele ya watu wawili, "Hii ni amana kwangu." Eda ikaisha, na kila Mwanajuma alipoiulizia alijibiwa kwamba ipo. Kwa miaka mitatu aliridhika, kwa sababu hakuwa na safari. Sasa anayo. Kikundi cha kina mama wanaolima mwani Mlingotini kilimpa kazi ya kusimama mizanini, kuanzia Jumamosi, maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu, yatakapokupwa. Kiongozi wao, Bi Saida, alimwambia waziwazi: aliyetangulia walimwondoa kwa kuchelewa, maji hayamngojei mtu wa mjini, kama huna chombo chako mwenyewe, sema mapema tumchukue mwingine. Mwanajuma alisema anacho.

"Nimekuja kuchukua baiskeli ya marehemu," alisema.

"Ipo," alijibu Kitwana.

"Najua ipo. Naitaka."

"Ipo, ila kuitoa kuna utaratibu wake. Yako imekaa ya ndani kabisa. Lazima kwanza niteremshe ya Khamis, ndipo—"

"Teremsha basi!" alidakia Khamis. "Miezi minane sijaiona yangu. Nataka nijue kama bado inanifahamu."

"Leo unyevu mwingi. Kamba ikiwa na unyevu haivutwi ovyo. Nyinyi hamjui kamba."

Hapo akaanza hotuba, na Mwanajuma akajua itakuwa ndefu kwa vile alivyojikohoza. Kamba ya makumbi, alisema, ina miko yake. Hailali kavu. Ikilala kavu chini ya bati inakatika kama tambi. Babu alikuwa akiiogesha maji ya chumvi, na yeye anafanya vilevile: kila Jumapili huenda pwani na dumu, huchota maji ya bahari, hupanda ngazi na kuzimwagia kamba zote mpaka zilewe. Ndiyo maana tangu 2021 hakuna hata moja iliyokatika. "Hata moja!" alisema, akainua kidole.

Mwanajuma alizifuata kamba kwa macho mpaka kwenye magurudumu. Halafu aliuliza polepole, kama anayemuuliza mtoto wa chuoni.

"Na yale maji, yakishalowesha kamba, huenda wapi?"

"Huenda wapi, vipi?"

"Kaka. Teremsha baiskeli yangu."

Sauti ile ilimwinua Kitwana kitini. Alizunguka ukutani ubavu ubavu, akaifungua ya Khamis, kisha ya ndani. Makapi yalilia. Kamba zilipita laini, imara, zinapendeza, na baiskeli ya Yahya ikashuka kidogo kidogo hadi ikatua ndani ya mstari mweupe, kwa sababu pengine pa kutua hapakuwapo.

Kamba ilikuwa nzima kabisa. Iliyooza ilikuwa baiskeli. Miaka mitatu ya Jumapili, maji ya chumvi yalikuwa yakitiririka kwenye kamba na kutuama pale ilipofungwa, ndani ya rimu. Mwanajuma alipoishika spoku ya kwanza ilivunjika mkononi. Ya pili ikavunjika. Rimu ya mbele ilikuwa na matundu ya kupitisha kidole, na tairi zilikuwa zimepasuka kwa joto la bati kama midomo ya mgonjwa. Fremu ilibabuka rangi, lakini ilikuwa ngumu; usukani na mnyororo, vilivyokuwa chini mbali na kamba, vilihitaji mafuta tu.

Khamis aliinua ya kwake, akaitazama, akasonya kwa muda mrefu.

"Wallahi, Kitwana, ungeiacha nje mvuani ingekuwa nzima."

"Kamba haikukatika," alisema Kitwana.

"Nani aliyekuletea kamba?" Mwanajuma alisimama, vidole vyekundu kwa kutu. "Mimi nilikuletea kamba? Mume wangu aliacha kamba? Ulisema amana, mbele ya watu. Amana ni kurudisha ulichopewa, siyo kurudisha ulichofungia!"

"Mwanajuma, punguza sauti, watu wanapita."

"Waache wapite. Waingie waone gari."

Kitwana alitazama barabarani. Mwanajuma aliinua macho. Juu, upande wa mlango, ilibaki baiskeli ya Kitwana mwenyewe, inchi ishirini na nane kama ya Yahya, magurudumu yanang'aa. Hiyo ilitundikwa ya mwisho, kamba za babu zilipokwisha, kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la lori. Mpira hauogeshwi maji ya bahari. Ilikuwa kama imetoka dukani.

"Nipe ile," alisema Mwanajuma. "Keshokutwa nina kazi."

"Ile haitoki."

"Haitoki kwa nini? Ina safari gani huko juu?"

"Ni yangu. Imekaa mahali pake."

"Kesho Ijumaa," alisema Khamis taratibu, kama anayezungumza na ndoo. "Mtu atasimama safu ya mbele, kanzu imenyooka, na mali ya mjane imemuozea darini. Mimi nitakuwa safu ya pili. Nitakuwa namtazama kisogo."

Kitwana alichukua ufagio akaanza kufagia vumbi la kutu lililodondoka ndani ya mstari, na akafagia kwa uangalifu, kona kwa kona, huku dada yake akimtazama. Mwanajuma alikuwa amepandwa na hasira. Alipouona ufagio ule, hasira ilimtoka, akabaki na kinyaa tu, kile anachokipata mtu akikuta nywele kwenye wali. Hakuaga. Yeye na Khamis waliibeba baiskeli ya Yahya, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakapita nayo tope lote hadi kwake. Jioni ile alifikiria kumpigia Bi Saida simu amwambie amchukue mwingine. Alishika simu mara mbili, akaiweka.

Asubuhi ya Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, mawingu mepesi, hakuna mvua, Kitwana alikuja na magurudumu mawili mapya, moja kila bega, na spana mfukoni. Alitoa salamu nusu, akajibiwa nusu. Aliinama barazani, akafungua nati za magurudumu mabovu, akafunga yale ya baiskeli yake, akajaza upepo, akatia mafuta kwenye mnyororo, akaizungusha pedeli mara tatu kuhakikisha. Neno la samahani halikumtoka. Pengine lipo, ila halitoki. Mwanajuma alipanda, akazunguka hadi kona na kurudi, akaona itamfikisha Mlingotini.

"Yale mabovu nipe," alisema Kitwana.

Akampa. Kitwana aliyabeba mpaka bandani, akayafunga kwenye baiskeli yake mwenyewe, kwa kuwa kuning'inia hakuhitaji spoku, akaivuta juu mahali pake, kisha, bila kungoja Jumapili, akachukua dumu lake akashuka pwani kuchota maji ya kamba.