Siku Mwalimu wa Kwaya Alipokaa Benchini

Shangazi yangu ni dobi. Duka lake lina mlango mmoja, meza mbili za kupigia pasi, na kamba iliyofungwa ukuta kwa ukuta, imejaa nguo za watu mpaka mteja akiingia anainama kama anaingia pangoni. Ukiinuka upande wa pili utamkuta Shangazi anaimba. Haimbi wimbo mzima. Anaimba kipande, ananyamaza, anakirudia na mwisho mwingine, anatikisa kichwa, anaendelea na kola. Wateja wageni hutazamana. Wa zamani wanajua kwamba mikono iko dukani na kichwa kiko kanisani, kwa sababu yeye ndiye mwalimu wa kwaya ya vijana, ile inayoimba misa ya pili.

Nilipoacha shule nilikuja kukaa naye. Akanipa meza ya pili ya pasi, na Jumapili akanipa nafasi katika sauti ya pili. Aliniambia, "Wewe huongei, lakini masikio unayo. Sauti ya pili inataka watu wa masikio."

Muziki alifundishwa utotoni na katekista mmoja aliyekuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Baadaye aliimba miaka mingi chini ya mwalimu mzee ambaye kwake wimbo mpya ulikuwa ule alioachiwa na mtangulizi wake. Shangazi alikuwa anatunga kimyakimya na kuweka. Mzee alipostaafu, Paroko akamkabidhi Shangazi vijana, na zile nyimbo zilizokuwa zimefungiwa zikatoka. Nadhani hakuna siku aliyopata kitu akakishika kwa mikono miwili kama siku hiyo.

Kuchagua nyimbo kwake ni kazi ya kweli. Vijana humletea za kwenye simu, kila mmoja na yake, na yeye husikiliza zote bila kukunja uso. Halafu anauliza: maneno yametoka wapi, na tunaimba wakati gani wa misa? Wimbo wa vipaji, ule wa kutolea sadaka, hauwezi kukaa kwenye komunyo eti kwa sababu una mdundo mzuri. Siku moja kijana wa besi alileta wimbo mtamu sana, "wewe ni wangu, bila wewe silali, nishike usiniache." Shangazi aliusikiliza mpaka mwisho.

"Jina la Mungu liko wapi hapo, mwanangu?"

"Mwalimu, si inaeleweka tu?"

"Inaeleweka kwako. Mimi nikipita na wimbo huu mbele ya muuza mkaa, kesho analeta posa."

Tulicheka mpaka mazoezi yakaharibika. Yule kijana naye alicheka, na wiki iliyofuata alileta mwingine, wenye maneno ya zaburi, na huo ukapita.

Basi tulikuwa tunaimba, na tulikuwa tunaimba vizuri. Kinanda alikipiga mtengeneza simu wa mtaa wa pili, tunayemwita Fundi, mtu wa mbwembwe, vidole vyake havitulii. Sauti ya kwanza iliongozwa na dada mmoja tuliyembatiza Kengele. Akifungua kinywa, njiwa wa darini wanahama. Shangazi alimfundisha tangu yuko mdogo hajang'oa meno ya utoto, na nyimbo nyingi alizitunga akisikia sauti ya Kengele kichwani.

Siku moja Paroko alikuja mwenyewe dukani kuchukua kanzu zake. Kwa kawaida humtuma mtu. Aliinama chini ya kamba, akasimama, akamwamkia Shangazi, kisha akasema, "Mama, kwaya yako inaimba vizuri."

"Ahsante, Baba."

"Ndiyo shida yenyewe."

Shangazi akaisimamisha pasi.

"Watu wamegeuka watazamaji," Paroko alisema. "Mimi niko altareni, nawaona. Midomo imefungwa, macho kwenu. Jumapili iliyopita mlipomaliza wimbo wa Utukufu kuna mtu alipiga makofi. Utukufu, Mama. Na hakuwa mtoto." Alishusha pumzi. "Sina ugomvi na nyimbo mpya, nilikuruhusu mimi mwenyewe. Lakini misa ni ya watu wote. Nakupa mpaka sikukuu ya Kristo Mfalme. Wakiwa bado wanawatazama tu, Jumapili inayofuata tukiingia Majilio, misa ya pili inarudi kwenye nyimbo za kitabu, na nyinyi mtaimba harusini."

Alipotoka, Shangazi alipiga pasi mkono mmoja wa shati mpaka nikamwonea huruma yule mwenye shati.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa mbaya. Aliamini watu hawaimbi kwa sababu hawajanogewa, hivyo akataka wanogewe. Aliongeza ngoma. Akamwambia Fundi afungue mkono, na Fundi hahitaji kuambiwa hivyo mara mbili. Kengele akapewa kipande cha kupaa peke yake kabla ya kiitikio. Jumapili hiyo tuliimba mpaka jasho likatutoka, na mtu wa benchi la mbele akanyanyua simu akaanza kuturekodi. Mimi nilimwona. Shangazi hakumwona, maana mwalimu wa kwaya husimama akiitazama kwaya, mgongo kwa waumini.

Nilimwambia tukiwa njiani kurudi. Akasema kama anayejisemea, "Miaka yote hii nimewapa mgongo. Sijawahi kuwaona wakiimba wala wakinyamaza."

Jumapili iliyofuata alimwachia kijana wa besi kuongoza. Alisema ana safari. Tulipokwisha kujipanga nikamwona anaingia kwa mlango wa nyuma, amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi, akaketi katikati ya benchi la nyuma kabisa, kati ya bibi mmoja na mama mwenye mtoto mchanga. Kumbe safari yenyewe ndiyo hiyo.

Fundi alianza utangulizi. Nikamwona Shangazi anavuta pumzi, anafungua kinywa, anakifunga. Akavuta tena, akafunga tena. Alikuwa kama mtu anayetaka kuruka kamba inayozungushwa na wenzake, kila akitaka kuingia kamba imeshapita. Kiitikio kilipofika aliingia, nikaona mishipa ya shingo, halafu akakohoa. Ulikuwa wimbo wake. Aliutunga mwenyewe, kila nota.

Jioni alinisimulia huku ananyunyizia maji mashuka.

"Fundi kila Jumapili anaanza kivingine. Nikawa sijui mlango uko wapi. Nilipoupata, ngazi ilikuwa juu, nikapanda nusu nikakwama. Maneno nayo nimeyarundika kama mitumba kwenye furushi. Mtu wa kwaya anayajua kwa sababu ya mazoezi. Yule wa benchini atayajulia wapi?"

Akachovya mkono tena kwenye maji.

"Unajua yule bibi aliniambiaje? Aliponiona nahangaika alinigusa goti, akasema, 'Usijisumbue, mwanangu. Hizi ni zao. Sisi tunangoja Baba Yetu.'"

Hakuwa analia, lakini alikunja lile shuka vibaya, akalikunjua, akalikunja tena.

Kesho yake dawa ya pili ilianza, na hii alianza nayo hapohapo dukani. Kila mteja aliyeingia alikamatwa. "Kabla hujachukua suruali yako, niimbie hiki." Muuza nyama aliimba. Dereva wa gari la maji aliimba. Mwalimu wa shule ya msingi alisema yeye hana sauti, akaambiwa hao ndio wanaotafutwa. Shangazi hakuwa anasikiliza sana, alikuwa anatazama shingo. "Pale shingo inapokaza," aliniambia, "hapo ni juu mno." Akashusha. Mteja mwingine, akashusha tena. Muuza nyama alipoweza kufika kileleni huku bado anacheka na kuulizia koti lake, Shangazi akasema wimbo umefika nyumbani.

Maneno ya kiitikio aliyapunguza yakabaki yale mtu anaweza kuyashika kwa kusikia mara mbili. Utukufu aliurudisha ulivyo kwenye misale, kile kitabu cha misa, neno kwa neno, maana hapo zamani alikuwa ameruka mstari na kurudia mwingine ili mdundo ukae sawa. Na wimbo wa Mwanakondoo, ambao tuliuvuta hadi Paroko akawa anasimama na hostia mkononi akitungoja, akaukata ukalingana na muda wa kuumega mkate.

Mazoezini mambo yalikuwa magumu. Fundi ndiye alianza.

"Yaani utangulizi uleule kila wiki? Mwalimu, nitakuwa kama redio iliyokwama."

"Utakuwa kama mlango, Fundi. Mlango hauhamishwi kila Jumapili."

"Na vidole vyangu?"

"Baada ya misa watu wakitoka, vifungue vyote."

Fundi alinung'unika, lakini alipiga. Kengele ndiye hakucheka. Aliimba kiitikio mara moja, akafunga karatasi.

"Mwalimu, umeushusha huu wimbo mpaka chini ya kiti. Mimi niimbe nini hapo?"

"Uimbe na watu."

"Watu gani?"

"Walioko nyuma yangu."

"Kwa hiyo sauti aliyonipa Mungu niiweke kabatini."

"Beti ni zako, mama. Na shukrani baada ya komunyo ni yako peke yako, panda mpaka unakotaka. Kiitikio ndicho nakuomba uwaachie."

Kengele alitutazama sote kama anayehesabu nani yuko upande wake. Mimi nilitazama karatasi yangu. Akachukua mkoba wake, akasema kwa heshima kabisa, "Mungu awabariki, Mwalimu," akatoka. Baadaye tukasikia amejiunga na kwaya ya misa ya kwanza, na wamempokea kwa vigelegele. Shangazi alisema ni vizuri, kule pia ni kumwimbia Mungu huyohuyo. Lakini siku hizo zote dukani hakuimba sauti ya kwanza. Aliimba besi tu.

Kristo Mfalme ikafika. Kabla kengele ya misa haijalia Shangazi alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aligeuka. Alisimama mbele ya watu, mikono haijui pa kukaa, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Wakaitikia. Akawaambia, "Leo nataka mnisaidie. Kiitikio ni kifupi. Nitaimba mimi, kisha nyinyi."

Aliimba. Wakanyamaza. Aliimba tena. Wachache wakajibu kwa sauti za watu wanaouliza njia usiku. Mara ya tatu mzee mmoja upande wa wanaume akajitosa kwa nguvu zote, mapema kuliko wenzake na kwenye nota ambayo haipo duniani. Kanisa zima likacheka, na mzee mwenyewe akacheka akapunga mkono. Shangazi akasema, "Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta. Tumfuate, ila tumngoje kidogo." Mara ya nne waliimba. Si wote, lakini nilisikia kitu kikipita chini ya sauti zetu, kama mtu amesogeza samani nzito chumba cha pili.

Wimbo wa mwanzo uliwapita nusu. Utukufu waliukamata, kwa kuwa maneno ni yale wanayoyajua tangu utoto. Zaburi walijibu vizuri. Mimi nilikuwa namwangalia Shangazi, nikaona anaongoza kwa mkono mmoja kwetu, huku bega limegeuka nusu kuelekea mabenchi, hakai sawa, hatazami upande mmoja. Shingo lazima ilimuuma.

Kwenye komunyo ndipo alipotushtua. Ubeti wa kwanza, kiitikio. Ubeti wa pili, na tulipokaribia kiitikio akatuonyesha kiganja: nyamazeni. Kwaya nzima ikakata. Akamtazama Fundi, na Fundi, Mungu amjalie, akainua vidole kutoka kwenye kinanda. Tukibaki na ukimya hapo, mbele ya Paroko anayegawa komunyo, hakuna Majilio yetu tena.

Watu waliendelea.

Waliendelea peke yao, polepole, polepole kuliko tulivyowahi kuimba, kama lori lenye mzigo linalopanda mlima. Waliokuwa kwenye mstari waliimba wakitembea, waliokwisha kupokea wakanyamaza kidogo kisha wakaingia tena. Hawakuwa pamoja sawasawa, nyuma walichelewa, mbele waliwahi. Mkono wa Shangazi ukaanza kuwapigia, na wao hawakuufuata, basi mkono ndio uliowafuata wao. Akawa ametupa mgongo sisi. Sikuuona uso wake. Niliona khanga yake mabegani inapanda na kushuka, akiimba nao sauti ya kwanza.

Baada ya misa aliitwa sakristia. Nilimfuata na kitabu chake cha nyimbo nikasimama mlangoni. Paroko alikuwa anavua mavazi, hana haraka.

"Walikuwa wanakokota," alisema.

"Watakokota kwa muda, Baba. Wakizoea wataacha."

"Na umeshampoteza yule binti wa sauti kubwa. Alikuwa misa ya kwanza asubuhi, nilimsikia."

"Nilimsikia na mimi. Nilikuwa nimekaa nyuma."

Paroko alimtazama, akatingisha kichwa kidogo, akatundika stola.

"Majilio ngoma zinapumzika. Unajua."

"Najua. Nina nyimbo za kupumzisha ngoma."

"Mpya?"

"Mpya, Baba."

"Niletee maneno niyasome kwanza kabla hujawafundisha watu." Alitaka kuondoka, akarudi. "Na ule wa komunyo, ubeti ukiisha, nyinyi mnaanzia wapi kile kiitikio? Mara zote mbili niliingia nimechelewa."

Shangazi akaweka mkoba chini, akamwimbia ule mlango wa Fundi, na Paroko akaingia mahali penyewe, chini kidogo ya nota.