Mchezo wa Cubaka Usiofika Mwisho

Cubaka hajawahi kuonja pombe, ila hakuna Mkongomani wa Louisville, Columbus wala Buffalo anayeliamini hilo. Ndiyo shida ya kipaji. Wenzake walipewa cha kuimba, wanashonewa mashati ya kitenge. Yeye alipewa cha kupepesuka.

Alizaliwa Walungu, huko Kivu, akaigiza shuleni, akaigiza kambi ya wakimbizi, na alipofikishwa Louisville akawa anatunga michezo ya kanisa kichwani huku mikono ikifunga masanduku kiwandani. Mchezo aliousumbukia kuliko yote ni wa baba mlevi anayerudi nyumbani kuomba msamaha. Maneno ya msamaha aliyaandika kwa sababu baba yake mwenyewe, mlevi wa kweli, alikufa bila kuyasema. Alitaka yasikike walau mara moja, hata kama ni kwa mdomo wake.

Louisville hayakusikika. Alipepesuka vizuri mno, shemasi akamshika mkono na kumtoa nje kabla hajapiga magoti. Wiki zilizofuata wamama walimletea mkewe, Précieuse, sombe, kile kisamvu cha kwao, na pole.

"Si uwaambie sinywi?" Cubaka alilalamika.

"Bon, nitawaambia," Précieuse alijibu huku akitafuna. "Sombe ikiisha."

Wakahamia Hilliard, kando ya Columbus, kwa kuwa shemeji alipiga simu akizisifu kazi za maghala. Wakongomani wa Marekani ndivyo wanavyohama: shemeji akisifu, gari linapakiwa. Huko Cubaka akauongezea mchezo utamu. Baba sasa alikuwa na pepo wa ulevi.

Hapo alijiloga mwenyewe. Ukipandisha pepo jukwaani mbele ya waombaji wa Kivu, wale wa kukemea mapepo, umewaita kazini. Mama Immaculée, kiongozi wao, alivua viatu, akapanda, akambandika mikono kichwani.

"Toka, pepo! Toka!"

"Mama, ni mchezo," Cubaka alinong'ona.

"Munasikia? Kanajibu! Pepo ya uongo, toka!"

Waombaji wengine wakapanda. Cubaka ikabidi aanguke, maana mwenye pepo hana njia nyingine ya kushuka jukwaani. Kanisa likaimba hadi jasho. Msamaha ukarudi nyumbani mfukoni.

Miaka ikapita, shemeji mwingine akaisifu Buffalo. Cubaka akapata nyumba Lackawanna, pembeni ya mji huo, na kazi ya kutunza wazee. Jumapili ya kwanza kanisani, nani anapokea wageni mlangoni? Mama Immaculée, aliyekuja kumfuata mwanawe.

"Papa Cubaka! Kile kitu hakiyarudi?"

Sifa zilikuwa zimemtangulia. Pasta Ezéchias akamvuta pembeni. "Papa, nakupa Pasaka hii moja. Ikivurugika tena, donc, tutabaki na kwaya tu."

Cubaka aliwaza huku akiwanyoa ndevu wazee wake. Mama yule huwezi kumzuia kupanda. Basi mpandishe wewe, kabla hajajipandisha. Akaenda kumpa nafasi ya mke wa mlevi.

"Miye? Niigize?" Mama Immaculée aling'aka, ingawa mkono ulishaanza kutengeneza kilemba. "Sitadanganya bantu, miye."

"Hutadanganya, mama. Mwishoni unasema tu, 'Nimekusamehe, ingia.'"

Pasaka ikafika. Cubaka akapepesuka, na hakuna aliyethubutu kupanda: kiongozi wa waombaji alikuwa tayari jukwaani, tena na ufagio. Nani ampite? Akapiga magoti. Akayasema yote: kwamba alikunywa karo ya watoto, kwamba aibu ndiyo iliyomzuia kurudi, kwamba jioni alisimama nje ya dirisha akiwasikiliza wakila. Hata watoto wakaacha simu.

Mama Immaculée akamtazama kutoka juu.

"Hapana."

"Mama," Cubaka alinong'ona, "ni 'nimekusamehe'."

"Usininong'oneze! Miaka yote ulikuwa wapi? Batoto nani alibavalisha viatu?"

Pasta alishageuza shingo kuitafuta kwaya. Ndipo mzee mmoja wa nyuma akasimama. "Mama, umusamehe! Amepiga magoti!" Wamama wakadakia: "Umusamehe!" Shemasi akaja mbele ameunganisha viganja kama anayeomba yeye mwenyewe. Mwishowe akainuka Précieuse.

"Yaya, dada yangu mukubwa, umusamehe. Miye naishi naye. Anaoshaka hata vyombo."

"Na masufuria?" aliuliza Mama Immaculée.

"Na masufuria, hata yaliyoungua."

Mama akapumua, akaegemeza ufagio ukutani. "Nimekusamehe. Ingia. Lakini uanzie jikoni."

Makofi yalilipuka, vigelegele juu yake. Cubaka hakuinuka. Machozi yalimtiririka, na watu wakazidi kupiga makofi: huyu bwana anajua kazi! Mama Immaculée peke yake ndiye aliyeinama akamshika kwapa, polepole.

"Simama, papa. Imeisha."

"Imeisha?"

"Yote. Tumesikia."