Pedali Majivuni

Siku tulipohama kutoka Simi-Simi, cherehani yangu ilianguka kutoka kwenye pusupusu, ule mkokoteni tuliokodi, na pedali ikakatika vipande viwili. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na gauni lake lilikuwa bado vitambaa vilivyokatwa tu. Jumatano asubuhi nikavipeleka vile vipande vya pedali karibu na maporomoko ya Tshopo, kwa tonton, mdogo wake mama, fundi wa kuunga vyuma.

Majembe na baiskeli tonton aliviunga huku akipiga soga. Lakini pedali ilikuwa fonti, chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, na alipoishika akanyamaza. Aliipasha yote kwanza kwenye makaa, akaiunga kidogo kidogo kwa moto wa gesi akiigonga kwa kinyundo, kisha akaizika uani kwenye shimo la majivu ya moto. Nikamuuliza kwa nini asiitie majini kama panga. Akasema fonti ina hasira, ikipoa haraka inapasuka, basi isiguswe mpaka kesho. Akaingia ndani kujinyoosha.

Nikabaki na lile shimo. Niseme kweli, udadisi ndio ugonjwa wangu tangu utoto. Tena vitu nilivyozoea kuzika majivuni ni makemba, zile ndizi za kuchoma, na sijaona mwanamke wa kwetu anayengoja likemba liive bila kulifukua na kulibonyeza. Nikachukua koleo, nikaifukua pedali kidogo tu, nione inafananaje. Upepo wa mvua ulikuwa umeshaanza kuvuma kutoka mtoni. Nikasikia ting, sauti ndogo, kama kijiko kimegusa glasi. Nikafukia upesi, nikanawa mikono, nikakaa kama mtu asiyejua lolote.

Tonton akatokea mlangoni. Aliisikia akiwa kitandani.

"Mama, ile iko fonti," akaniambia taratibu. "Haiko likemba."

Nililia kwa aibu, na kwa ajili ya lile gauni. Alhamisi akaanza upya, maana ufa mpya ulipita kando ya ule wa kwanza. Alipokwisha kuizika akaleta kigoda, akakiweka kando ya shimo na kuniambia mlinzi ni mimi. Nilikaa hapo mpaka jua likazama, kiganja juu ya majivu, nikisikiliza. Nilitamani kufukua, sikufichi. Sikufukua.

Ijumaa nilishona kutwa nzima, lakini pindo sikuliwahi. Mdogo wangu aliingia kanisani na pini kumi chini ya gauni lake, akitembea kwa hatua fupi, na watu wakamsifu kwa adabu yake.

Pedali ninayo hadi leo. Ina mishono miwili. Wajukuu wakiuliza ni nani aliyeiunga, nawaonyesha ule wa kwanza, nasema huu ni wa tonton. Wa pili nawaambia ni wangu.