Waya wa Gari Langu, Kabeza

"Hilo halichomekwi kwangu," mama mwenye nyumba aliniambia kabla sijafungua mlango wa gari.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeliingiza uani kwetu Kabeza, gari dogo la umeme nililonunua likiwa limeshatumika na mtu mwingine. Mama alikuwa barazani kwake na cherehani yake, ananitazama juu ya miwani. Alikuwa mjane, Mwislamu, fundi wa nguo tangu ujana wake, na mimi nilipanga nyumba ndogo iliyo nyuma ya yake. Tulielewana sana. Nilikulia Bukoba kabla wazazi wangu hawajaturudisha Rwanda, na yeye alipenda kunicheka kwamba naongea Kiswahili cha redio.

"Mama, linachajiwa kama simu tu," nilimwambia.

"Simu hailali nje ya ukuta wangu. Liegeshe, lioshe, lifanye unalotaka. Lakini waya isitoke ndani ya nyumba yangu."

Sikubishana. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kutembea upya baada ya kiharusi au ajali, na nawafuata majumbani kwao, mlima huu na ule. Bei ya mafuta ya gari langu la zamani ilikuwa imeanza kunichagulia wagonjwa: huyu yuko mbali, yule njia yake ni mbaya. Sikutaka tena kuchaguliwa wagonjwa. Kama nyumbani hapachajiki, basi nitachaji kwenye kituo cha kuchajia magari, karibu na makutano ya Sonatubes.

Kituoni kulikuwa na foleni ya teksi za umeme, na madereva wake hawana haraka ya kumpisha mtu. Nilijifunza kula chakula changu cha mchana ndani ya gari, nikitazama pikipiki zinavyogombania abiria kwenye makutano. Nilivumilia hivyo mpaka asubuhi ya mgonjwa wangu mmoja, mwalimu.

Alikuwa mstaafu wa mtaa wa Nyakabanda. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia, na nguvu zake zilikuwa za asubuhi. Jua likipanda, hakuna kitu. Siku hiyo nilikwama kwenye foleni. Nilipofika, binti yake alinipokea mlangoni, macho mekundu.

"Alikungoja," akasema. "Halafu akasema atasimama mwenyewe. Ameanguka."

Hakuvunjika. Lakini alikuwa amelala akiangalia ukuta, na nilipomshika mkono aliutoa taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. "Leo hapana," akaniambia. Wala kesho yake hakutaka.

Mchana wa siku hiyo ya pili nilirudi Kabeza na kwenda moja kwa moja barazani kwa Mama. Sikuomba ruhusa. Niliuliza.

"Mama, ni nini kilitokea na umeme?"

Alisimamisha cherehani. Akanieleza kwamba zamani alikuwa na duka la kushona hukohuko Nyakabanda. Waya wa pasi ulipata moto, ukashika pazia, pazia likashika nguo. "Nguo za watu," akasema. "Za harusi. Zangu ningezisamehe." Mumewe aliingia kwenye moshi akatoka na kitu kimoja tu. Hapo Mama akaipiga cherehani kofi dogo. "Hii. Baada ya hapo kifua chake hakikuwa kifua tena."

Nilikuwa nimemdhania kuwa anaogopa kitu kipya, kumbe alikuwa anaogopa kitu anachokijua vizuri kuliko mimi. Lakini sikukubali kwamba mambo yaishie hapo. Nilifikiria ule mkono wa mwalimu.

"Na umeme usipopita nyumbani kwako kabisa?" nikamuuliza. "Utoke kwenye nguzo ya barabarani, uwe na mita yake, uje mpaka gari linapolala. Nyumba yako isiguswe."

"Nani ataangalia?"

"Wewe. Fundi atafanya kazi ukiwepo. Usichokipenda kitang'olewa."

Aliokota pini moja sakafuni, akaichomeka kwenye kimto chake cha pini. "Nitaangalia," akasema.

Kupata mita ya pili kulinifanya niijue ofisi ya umeme kama jirani. Nilikwenda, nikaambiwa nisubiri wakaguzi. Nikasubiri, nikarudi kuwauliza. Walikuja, wakaitazama nguzo, wakasema mahali pa kuweka mita paandaliwe kwanza. Nikapaandaa, nikarudi tena. Nilikuwa napita huko kila nikitoka kwa mgonjwa, sare ikiwa bado mwilini, hadi mlinzi akawa ananisalimu kwa kuuliza gari langu linaendeleaje.

Ni hapo ofisini nilipoambiwa kwamba vituo vya kuchajia magari vina bei ya umeme nafuu kuliko ya majumbani. Nikamuuliza dada wa mapokezi kama mita yangu, isiyowasha hata taa moja, haistahili nafuu hiyo.

"Kituo ni kituo, na nyumba ni nyumba," alinijibu kwa upole. "Mimi sina uwezo wa kubadilisha."

Nikasema sawa, ila nitauliza tena.

Fundi umeme alikuja mita ilipofungwa. Alikuwa kijana aliyekulia Uganda, mcheshi, na hakujua anakutana na nani. Mama alileta kigoda, akakaa hatua chache kutoka kwake.

"Mama, hii waya iko kubwa, haiwezi shika moto," fundi akasema.

"Iko kubwa kuliko nini?"

"Kuliko ya pasi."

Hakujua alichosema. Mama akasogeza kigoda karibu zaidi. Alimfanya afukue upya nondo inayopeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea, kwa sababu hakuwa ameiona ikiingia. Mwishoni fundi alimwonyesha swichi inayokata umeme yenyewe hatari ikitokea. Akabonyeza kitufe cha kujaribia, ikakata, paa!

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia."

"Buretse, Mama!" akacheka, akimwomba asubiri, kisha akarudia.

Tulichaji kwa mara ya kwanza Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mchana, baada ya kutoka kusafisha mitaro na majirani. Mama ndiye aliyechagua siku: watu wote watakuwa nyumbani, akasema, na maji yapo kwenye madumu. Nilichomeka. Taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa. Mama akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya waya, kama anayempima mtoto homa, akarudi kukaa. Kila baada ya muda aliinuka akapima tena. Wakati wa alasiri ulipofika aliniambia, "Kaa mahali pangu," akaenda kuswali. Aliporudi akagusa waya kuanzia ukutani mpaka kwenye gari, polepole, wote.

"Baridi," akasema.

Jumatatu nilifika Nyakabanda mwalimu akiwa bado kwenye chai. Sikumhimiza. Nilikaa, nikamwambia nitakuwa hapo saa hiyohiyo kila asubuhi tuliyopangiana, asimame au asisimame. Nikafanya hivyo. Wiki iliyofuata alinipa mkono mwenyewe, akasema, "Haya, tuone." Alisimama akishika ukingo wa dirisha, jasho linamtoka, na binti yake akakimbilia jikoni asionekane analia.

Kuhusu ile bei, Mama alianza kuniuliza mwenyewe. "Kwa nini tunalipa kama watu wa taa?" Hiyo "tunalipa" niliisikia vizuri. Siku moja alivaa mtandio wake mzuri, akakaa kiti cha mbele cha gari, akasema twende ofisini. Dada wa mapokezi alipomwambia kwamba nyumba ni nyumba, Mama aliegemea meza yake.

"Mwanangu, mimi nimekaa na hiyo waya mchana mzima. Iko ya gari tu. Nimwite nani anisikilize?"

Akaitwa mkubwa wake. Alitusikiliza, akakiri kwamba utaratibu haukuwafikiria watu kama sisi, akasema atalipeleka swali letu juu na kwamba tumpe muda. Tulimpa. Tukarudi, na safari hiyo tulikuwa na wapangaji wawili wa mtaa wetu wenye magari kama langu, ambao Mama aliwatafuta yeye mwenyewe, mlango kwa mlango.

Nafuu bado hatujapewa. Jumatatu ijayo tunakwenda tena.