Mlima Ambao Hakuna Aliyeuagiza

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika ngazi. Nilishika tangu asubuhi chai haijanywewa mpaka jua likafika utosini, mbele ya bucha ya Bwambale pale Bwera, na juu ya ngazi hiyo hakukuwa na mtu. Baba alikuwa amepanda, akaandika nusu ya jina la mwenye bucha, akashuka, akaniambia, "Kabugho, shika hapo, usiachie," akaenda zake. Nami nikashika. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, na mpaka darasa la nne walimu hawajafika kwenye somo la ngazi tupu.

Bwambale akatoka na kisu mkononi.

"Baba yako yuko wapi?"

"Amekwenda kutazama mlima."

"Mlima gani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akatazama, hakuona kitu, wingu lilikuwa limekaa juu kote. Akanigeukia. "Mimi niliagiza ng'ombe."

Ng'ombe alichorwa baadaye, mdogo kama paka, chini kwenye pembe ya bati. Bati lote lililobaki lilikuwa Rwenzori.

Nawaandikia nyinyi wajukuu, mnaodhani kibao cha duka hutoka kwenye mashine. Zamani kibao kilitoka mkononi mwa mtu, na mtu huyo hapa Bwera alikuwa baba yangu, Thembo. Kazi ilikwenda hivi. Bati linasuguliwa kwa msasa mpaka linakwaruza kucha. Linapakwa rangi ya chini, ile inayoshikilia nyingine isibanduke mvua ikija. Halafu unachukua uzi uliopakwa chaki, mmoja anavuta huku, mwingine kule, unaubinya kwa vidole na kuuachia, paa! Unapata mstari ulionyooka. Herufi zinakaa juu ya mstari huo. Mkono wa brashi unauegemeza kwenye fimbo iliyofungwa kitambaa nchani, usitetemeke. Haya yote baba aliyajua kuliko mtu yeyote kuanzia Kasese mpaka mpakani mwa Kongo. Tatizo halikuwa kujua.

Tatizo lilikuwa theluji. Theluji ya mlima ule haionekani kila siku. Inajitokeza asubuhi mapema, kidogo tu, halafu wingu linashuka kama mtu anayefunga duka. Baba hakuchora kwa kukumbuka. Alisema ni uongo kuchora kitu usichokiona siku hiyo. Kwa hiyo mteja anangoja kibao, na baba anangoja wingu. Wiki inapita. Kinyozi Masereka alifunga biashara kabla kibao chake hakijakauka.

Mama akichoka kusema anachota maji. Alichota maji mengi sana miaka ile.

Basi ikaja kazi ya kambi ya jeshi, Kasese, vibao vyote mpaka bati kubwa la getini. Nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, na kule Mahango shangazi yangu Ithungu alikuwa amekwisha kunitafutia mume, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye kahawa nyingi na meno machache. Shangazi akaja nyumbani, akaketi, akamwambia mama mbele yangu: "Kazi hii ya askari Thembo akiiharibu, Bwera hakuna atakayempa hata mlango wa choo apake. Huyu msichana nitamchukua. Hapa anakula nini, rangi?" Mama hakubisha. Nami nikajua kwamba nyumba ya yule mzee wa kahawa ilikuwa imejengwa juu ya bati la getini.

Aliyetupokea kambini alikuwa sajini meja, afande Ochan, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha marehemu.

"Wewe muzee! Bati nyeupe, herufi nyeusi. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Sema tena!"

"Bati nyeupe, herufi nyeusi."

"Picha hakuna! Mukubwa anatoka Kampala Ijumaa. Mimi naona picha, wewe naingia mahabusu. Na hii mutoto ni ya nini?"

"Ni binti yangu. Anashika uzi."

"Ashike na wewe, usipotee."

Yule afande alikuwa amemwona baba kwa dakika tano tu na tayari alimjua.

Siku tatu za kwanza baba alifanya kazi kama watu wengine. Aliandika vibao vya stoo, vya jikoni, vya zahanati, herufi zimesimama kama gwaride. Nikaanza kumshukuru Mungu. Alhamisi asubuhi kibao cha getini kilikuwa kimekauka, cheupe safi, kinangoja herufi. Nikaenda kuchota maji ya kuoga kwenye bomba la wake wa askari, na foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, mlima ulikuwa juu ya bati.

Nisiwadanganye, ulikuwa mzuri. Asubuhi ile wingu lilikuwa limeondoka lote, na baba alikuwa ameuona mlima mzima, akauweka pale mzima, na theluji yake kama maziwa yanayotaka kumwagika. Chini kabisa alikuwa ameacha nafasi ya herufi, upana wa kidole kimoja.

"Baba, umesahau alivyosema?"

"Sikusahau. Lakini Kabugho, umeona leo?"

"Afande anakuja saa tisa!"

"Kivuli cha upande huu hakijakaa vizuri," akasema. "Nakwenda kutazama mara moja." Akaondoka, na brashi nyuma ya sikio.

Nilisimama pale. Nililia kwanza, kwa hasira, si kwa huzuni. Halafu nikafikiri. Huwezi kupaka nyeupe juu ya rangi mbichi, inachanganyika na kuwa uji. Lazima uondoe. Nikachukua tambara, nikalilowesha tapentaini, ile dawa ya kuyeyusha rangi, nikaanza kwenye theluji.

Wake wa askari waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Mmoja, Mama Akello, akapaza sauti: "We mutoto! Hiyo si kazi ya baba yako? Utapata laana!"

"Laana iko Mahango, ina kahawa nyingi na meno machache, inataka kunioa," nikamjibu, na sikugeuka. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nikafuta mlima wote. Nikapaka nyeupe nyembamba, mara moja tu, na nashukuru joto la Kasese, maana saa sita bati lilikuwa halishiki kidole tena. Nikafunga ncha moja ya uzi kwenye msumari, nikaupiga peke yangu. Herufi nilizijua kwa kumtazama. Sikuwahi kuziandika kwenye bati hata moja, lakini mkono wangu ulikuwa umeangalia wake miaka yote ile. Nikaandika.

Afande Ochan alifika kabla ya saa tisa, kama askari. Baba alikuwa amerudi dakika chache kabla yake, akakuta nimemaliza. Alikuwa akizitazama herufi.

"Safi!" akasema afande. "Nani alifanya hii?"

Mimi nikamtazama baba. Baba angesema "mimi," kazi ingekuwa yake, jina lingekuwa lake, na Bwera wangempa nyingine. Nilitaka aseme hivyo. Nilikuwa nimefuta ili aseme hivyo.

"Huyu," akasema baba. "Kabugho, binti yangu."

"Huyu mutoto? Na wewe muzee, kazi yako iko wapi?"

Baba akaonyesha lile tambara mkononi mwangu, limeloa bluu na nyeupe. "Ile pale."

Afande alitazama tambara, akamtazama baba, akageuka, akaenda zake. Ndiyo mara pekee niliyomwona hana amri ya kutoa.

Tukarudi Bwera kwa gari. Baba akashuka, akanyoosha mgongo, akasema, "Herufi ya tatu umeilaza kidogo." Ilikuwa kweli. Nilikasirika wiki nzima.

Tangu hapo watu wakaja kumuulizia "yule msichana wa kambini." Shangazi Ithungu akatafuta msichana mwingine wa kumpa mtu wake. Mimi nilifanya kazi Bwera, Kasese, halafu Mweya, ndani ya hifadhi ya wanyama, kuandika vibao vya kuonya watu kuhusu tembo. Mkuu wa hifadhi aliniambia, "Mama, andika tu, usichore," nikamwambia hajui amenipa raha kiasi gani. Baba alikuwa msaidizi wangu. Alichanganya rangi, na kila nyeupe aliyochanganya ilikuwa na bluu kidogo ambayo sikuiomba.

Mara moja tu nilimrudishia brashi. Maman Kavira, mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, aliyekuwa na duka la vitenge sokoni Mpondwe, alitaka picha ya mwanamke amevaa kitenge. Mimi ni wa herufi, nikamwachia baba. Akamchora mwanamke mzuri sana. Kwenye kitenge chake akaweka nini? Nanyi mnajua.

"Kabugho!" Maman Kavira alikuja kunilalamikia. "Batu banakuja kila siku banauliza kitenge ya mulima. Miye nitapata wapi kitenge ya mulima?"

Nimeacha kazi kwa sababu ya magoti, na kwa sababu ya mashine za Kasese zinazochapa bango kabla mteja hajamaliza soda. Sizichukii. Zinachapa ulichoagiza. Kijana yeyote wa kazi yoyote nitamwambia hivyo hivyo: sikiliza ulichoagizwa, kirudie mbele ya mwenyewe, kifanye, ondoka. Mimi niliishi hivyo, na sikulala njaa.

Sisi waandishi wa vibao ndio tuliokuwa tukiandika misalaba ya makaburi. Baba alipokufa, msalaba wake niliuandika mimi, nimesimama uani, watu wamejaa. Nilipiga uzi, nikaegemeza mkono, nikaandika THEMBO, herufi nyeusi juu ya nyeupe. Haikuchukua muda. Nikarudi hatua mbili nyuma kuutazama, na nikajikuta nangoja mtu aseme herufi ya tatu imelala.

Hakuna aliyesema. Zote zilikuwa zimesimama wima.