Kocha Mayai na Mdogo Wake

Jina la Kocha Mayai hakujichagulia, na mwanzoni lilimuudhi kweli. Alikuwa dobi, ana pasi mbili za mkaa na kibanda kinachonukia sabuni, na jioni akifundisha timu ya mtaa: waashi, wauza nguo, na kinyozi mmoja mwenye kitambi. Watu walisema anawabeba wachezaji kama mayai. Basi na waseme! Nani mwingine angeinama uwanja mzima kuokota vipande vya chupa kabla ya mpira kuanza? Ukikosa kupasha misuli, huchezi, hata uwe fundi namna gani. Na jezi alizifua yeye, kwa hiyo ukificha kidonda, soksi zilikuchongea.

Amri yake kubwa ilikuwa moja: ukigonga kichwa, unatoka. Hakuna cha "niko fiti", hakuna cha kuapa. Kinyozi aliwahi kutolewa, akanuna, watu wakacheka, yakaisha. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Siku ya fainali msumeno huo ukamrudia mwenyewe. Mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi cha mama yao, alikuwa anatazamwa. Mtu wa timu kubwa alikuja siku hiyo kwa ajili yake tu, akapewa kiti cha plastiki. Kwa Kocha Mayai, Kitinda alikuwa mdogo na mwana. Alimlea mwenyewe, akimbembeleza kwa mkono mmoja na kupiga pasi kwa mwingine.

Kitinda akafunga goli tamu mapema. Kisha ikapigwa kona, akaruka, wakagongana vichwa na beki. Kishindo kikasikika hadi nje ya uwanja. Akaanguka, akainuka upesi, akajipangusa vumbi, akamwonyesha kaka yake dole gumba.

Kocha Mayai akainuka. Alimtazama mgeni kwenye kiti, akamtazama mdogo wake. Angejifanya hakuona, nani angemlaumu? Hata hivyo akanyoosha mkono, akaomba mabadiliko. Uwanja mzima ukamzomea. Mmoja akasema kaka mtu ana kijicho. Kitinda akatoka akivua jezi kwa hasira, akaketi mwisho wa benchi, maji hataki, salamu hataki. Mgeni akaangalia saa, akainuka, akaenda zake.

Kocha Mayai akajiona mjinga kupindukia. Alikuwa ndiyo kwanza anatafuta neno la kuomba radhi, Kitinda akamgeukia, sauti imelainika kama ya mtoto.

"Baba ameliona goli langu?"

Kocha Mayai akamkodolea macho. Baba yao alizikwa Kitinda akiwa bado anatambaa.

"Ameliona," akasema, maana haukuwa wakati wa kubishana.

Akamshika mkono, akamtuma kinyozi kutafuta gari. Njiani Kitinda aliuliza tena, na tena, na kila mara kaka yake alimjibu taratibu kana kwamba swali ni jipya, machozi yakimtiririka bila aibu. Hospitalini walimpokea mbiombio. Damu ilikuwa inavujia ndani ya kichwa. Daktari akasema afadhali amewahishwa, maana kugongwa tena kidogo tu kungemmaliza.

Wakamhangaikia usiku kucha. Kulipopambazuka Kocha Mayai alikuwa bado yuko pale, hajala, hajalala, na viatu vyake vina vumbi la uwanja. Kitinda akafumbua macho. Akatazama dari, akapapasa bandeji, kisha akamwona aliyekaa kando yake, akakunja uso.

"Kaka, kwa nini ulinitoa? Umeniharibia maisha."

Mengine Kocha Mayai hakuyasikia. Alikuwa ameitwa kaka, na aliyemwita alijua anamwita nani. Kitinda akaendelea kulalamika kwa sauti ya kukwaruza, goli lake, mgeni wake, bahati yake, na Kocha Mayai akavuta kiti karibu zaidi na kitanda, akae alaumiwe vizuri.