Mikono ya Médard

Kwa miaka ishirini na sita Médard alipanda magogo yaliyosimikwa katikati ya maporomoko ya Wagenia, akivuta mitego ya samaki. Mtego mkubwa ulihitaji watu wawili. Yeye aliuvuta peke yake.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu mikono ilikataa. Alivuta kamba, mtego ukarudi majini. Alipotaka kushuka, akagundua hata mwili wake mwenyewe hawezi kuubeba. Akakumbatia gogo, maji yakinguruma chini, karibu saa nzima, mpaka mdogo wake Sylvain alipomfikia, akamfunga kamba kiunoni na kumshusha kama mzigo. Wavuvi wote walikuwa wakitazama.

Hospitalini, Docteur Nadège alisoma majibu ya damu mara mbili.

“Papa Médard, figo zako zimechoka tangu zamani. Zenyewe ndizo zinatoaka asidi mu mwili. Sasa asidi iko inabaki mu damu, na inafanya mwili ukule misuli yako.”

“Lakini niko nakula, docteur! Yolande iko ananipikia samaki asubuhi na magaribi.”

Yolande, mkewe, akainamisha kichwa. Tangu alipoona mumewe anakonda, alikuwa akimwongezea samaki na nyama, akidhani ni upungufu wa chakula.

“Samaki mingi inaongeza asidi,” docteur akasema taratibu. “Haiko kosa yako, mama. Punguza tu, usikate yote.”

Akamwandikia Médard vidonge vya bikaboneti, vya kupunguza asidi hiyo.

“Na nguvu ya mikono itarudia?” Médard akauliza.

“Kwanza tuzuie isiendelee kuisha.”

Miezi ikapita. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka mtoni, lakini Sylvain alimkataza hata kugusa magogo. Médard alikaa barazani akiwatazama wengine wakipanda, akila kipande cha samaki kisichojaza kiganja. Alipogombana, aligombana na Yolande, maana hakuna mwingine aliyekuwa karibu.

Mwezi wa saba mizani ilionyesha kilo zilezile za mwezi wa sita. Yolande alilia kwa furaha. Médard alivaa shati lake, bado likimpwaya.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alimwita Sylvain.

“Nafasi ile papa yetu alituachia pale majini, kamata. Iko yako.”

“Yaya, ngoja kwanza. Utapona,” Sylvain akamwambia kaka yake.

“Kamata, nimesema.”

Kisha akaingia ndani, akafunga mlango na dirisha, ingawa ilikuwa saa sita mchana na joto kali. Mngurumo wa maji uliingia vilevile.